Besi Nyuma ya Mlango

"Mama Pasi, umeangusha nini?"

Jirani ndiye aliyeuliza hivyo, siku moja jioni, akiwa amesimama nje ya dirisha na beseni la taulo mbichi kiunoni. Alikuwa msusi, na nyumba yake na ya Mama Pasi zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuwa akipita kwenda kwenye kamba ya kuanikia, akaona nyayo mbili za mwenzake zikichungulia nyuma ya kochi.

"Sijaangusha kitu," Mama Pasi alimjibu kutoka sakafuni. "Natafuta besi."

"Haya. Ukiipata unikatie na mimi kipande," alisema msusi, akaenda kuanika taulo zake.

Mama Pasi aliendelea. Alikuwa amepiga magoti, viganja chini, sikio moja likikaribia kugusa saruji, akisogea kando ya ukuta kidogo kidogo kama mtu anayefuata msafara wa sisimizi. Sabufa yenyewe ilikuwa juu ya kiti alichozoea kukalia yeye. Chombo kimekaa kitini, mwenye kiti anatambaa chini. Fundi redio ndiye aliyemwelekeza hivyo, akamwambia ndiyo njia ya mafundi: sabufa iwekwe mahali pa msikilizaji, msikilizaji atambae chumba kizima akitega sikio, na pale atakapokuta besi imejaa, hapo ndipo sabufa ihamie. Fundi alikuwa mtu mzima asiyejua utani, ndiyo maana Mama Pasi alikubali kutambaa.

Waliomwita Mama Pasi walimwita hivyo kwa kazi yake. Miaka ishirini na miwili alipiga pasi kwa dobi, mashuka ya hospitali asubuhi, mashati ya watu wa ofisini mchana, na mara moja kwa mwezi majoho ya kwaya, kwa sababu mumewe aliimba humo. Mumewe alikuwa fundi bomba. Aliimba sauti ya nne, yaani besi, na besi yake ilikuwa ile ambayo mtu wa kiti cha nyuma huipokea kwanza kwa ubao wa benchi kabla haijamfika masikioni. Wa sauti ya nne walikuwa watano, lakini wanne kati yao walimfuata yeye kama mabehewa.

Kwaya hiyo iliwahi kurekodi diski moja, nyimbo nane. Fundi Bomba aliileta nyumbani imefungwa kwenye leso, akaitia kwenye kiredio cha jikoni, akaketi na mkewe na binti yao kusikiliza. Sauti ya kwanza ilisikika, ya pili ilisikika, ya tatu ilisikika, na juu ya zote ilisikika sauti ya mwalimu wa kwaya, aliyeimba mwenyewe sehemu za kuongoza. Yeye hakusikika. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wote wakimtazama. Akacheka.

"Hiki kiredio kina kifua cha kifaranga," alisema. "Besi itapita wapi? Ngojeni tupate chombo cha maana. Mtanisikia mpaka mtatafuta mlango."

Maneno hayo aliyasema kwa miaka tisa. Akija mgeni, alimwonyesha kasha la diski, ambako alionekana mstari wa nyuma, mdomo wazi mpaka gego la mwisho, kisha akamweleza habari za kiredio na kifua chake. Chombo cha maana hakikupatikana. Mwaka wa kumi, majira ya mvua, alishikwa na kifua, na siku ya tatu akafariki.

Mama Pasi alimlilia kwa kadiri yake, akarudi kazini. Mwaka ulipita, na wa pili ukawa katikati, ndipo akagundua jambo. Alikuwa amesimama na pasi juu ya shuka, akikumbuka mumewe alivyokuwa akisema akiingia ndani, "Nani ameficha viatu vyangu?" ilhali viatu anavyo miguuni. Maneno aliyakumbuka yote. Lakini aliyasikia kwa sauti yake yeye mwenyewe, Mama Pasi. Alijaribu maneno mengine, ya kuombea chakula, ya kuitana, ya kugombana. Yote yalikuja kwa sauti yake mwenyewe. Ya mumewe ilikuwa imeondoka kichwani bila kuaga, na hakuna mahali pengine duniani ilipowekwa isipokuwa kwenye ile diski.

Kwa hiyo binti yao, aliyekuwa muuguzi mji wa mbali, alipomuuliza kwenye simu amtumie nini, hakutaja shuka wala sufuria.

"Nitumie sabufa."

"Mama, sabufa? Unafungua disko?"

"Nataka kumsikia baba yako."

Binti alisema ataituma.

Sabufa ilifika kwenye boksi, nyeusi, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, na spika zake ndogo tano. Mama Pasi aliiweka mezani, akaifunika kitambaa cha kufuma, na tundu la ubavuni akaliziba kwa soksi ya marehemu, mende wasije wakafanya makao. Aliunganisha na deki kama karatasi ilivyochora, akatia diski. Wanawake walisikika kama wamo chumbani. Mwalimu wa kwaya alisikika mpaka anavyovuta pumzi. Besi haikuwepo. Ndipo akamwita fundi redio.

Fundi alifika Jumatatu. Sikio lake la kushoto alikuwa ameliacha kazini, miaka mingi ya kupima spika, na hilo la kulia hakuliamini sana. Akiingia nyumba ya mteja alivua viatu na soksi, akasimama pekupeku sakafuni, akasikiliza kwa nyayo.

"Hiki kitambaa cha nini?" aliuliza.

"Vumbi."

"Mama, sabufa si biskuti." Akakiondoa. Akaingiza vidole viwili kwenye tundu la ubavuni, akatoa soksi, akaitazama. "Na hii?"

"Mende."

"Hapa ndipo inapovutia pumzi. Wewe ukizibwa pua kwa soksi utaimba?"

Mama Pasi alikubali kwamba hataimba. Fundi akaishusha sabufa mezani, akaiweka sakafuni, kwa kuwa besi, alieleza, hupenda kukanyaga chini kama mtu mwingine yeyote. Akazungusha kitufe kinachochagua sauti nzito zianzie wapi. Nyuma kulikuwa na swichi ndogo; akaigeuza huku na huku, akieleza kwamba spika ndogo zikisukuma na sabufa ikivuta, zinauana zenyewe kwa zenyewe, na msikilizaji anabaki na maiti. Kisha akatoa diski yake ya kupimia, ya ngoma tupu, akaitia. Vikombe viliitikia kabatini. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa maana nyayo zake zilikuwa zimejibiwa.

"Chombo kizima," alisema.

Akatia diski ya kwaya. Vikombe vilinyamaza. Fundi alihama kutoka saruji akasimama kwenye ubao wa mlangoni, akarudi. Alifumba macho. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha.

"Chombo kizima," alisema tena. "Chumba sijui. Labda wimbo wenyewe ndio mgonjwa."

"Fundi, usiseme hivyo. Mume wangu yumo humo."

Fundi aliitazama picha ya kwenye kasha, ule mdomo uliofunguka mpaka gego. Hakubisha. Ndipo alipoinyanyua sabufa na kuiweka juu ya kiti, akamfundisha kutambaa, akavaa soksi na viatu, akaenda zake.

Siku nne mfululizo, akitoka kazini, Mama Pasi alitambaa. Kila kona aliijua sasa kwa sikio. Chini ya dirisha kulikuwa kukavu. Kando ya kabati kulikuwa na mngurumo, lakini ulikuwa wa friji. Siku ya tano, Ijumaa, alifika nyuma ya mlango wa mbele, mahali ambapo Fundi Bomba alikuwa akiubwaga mfuko wake wa spana kila jioni, mpaka saruji ikabonyea kidogo kama sahani. Aliinamisha kichwa. Hakusikia kitu, ila meno yake yalisikia. Yaligongana taratibu, juu na chini, kama meno ya mtu aliyeanza kuhisi baridi.

Alinyanyuka, akafuta magoti, akaikokota sabufa mpaka pale, akaikalisha ndani ya kile kibonyeo. Akanawa mikono. Akaketi kitini pake, akaanza diski upya.

Besi iliingia neno la pili la wimbo wa kwanza, mahali pake hasa. Iliingia kwanza kwenye miguu ya kiti, ikapanda. Maji kwenye ndoo yalichora duara ndani ya duara. Bomba la jikoni, ambalo tangu msiba lilikuwa limekwama hata kwa spana haligeuki, lilifunguka likaanza kudondosha tone moja moja, kwa mapigo ya wimbo. Kabla ya wimbo wa tatu mwimbaji alikohoa kikohozi kifupi cha kusafisha koo, kama alivyokohoa siku zote kabla ya wimbo ule, maana ulianzia chini sana.

Ilikuwa sauti yake. Mama Pasi hakuwa na haja ya kuuliza mtu.

Wimbo wa tatu ulipoisha alisema, "Umerudi, baba watoto?" Walikuwa na mtoto mmoja tu, lakini ndivyo alivyomwita tangu ujana, kwa matumaini, na jina likabaki hata matumaini yalipokwisha.

Sauti haikujibu. Mama Pasi hakukasirika. Hata alipokuwa hai, mtu huyu akiwa anaimba hakujibu salamu.

Ikawa kila jioni ni hivyo. Alirudi, akapika chakula cha mtu mmoja, akatia diski, akaombea. Ikiwa sala imekuwa ndefu na diski imeshaanza, sauti ilisubiri amina ndipo iingie. Umeme ulipokatika siku moja katikati ya wimbo wa pili, kwaya nzima ilikatika, naye Fundi Bomba akamalizia ubeti peke yake gizani kwa utaratibu, akanyamaza. Lakini hakusema neno lolote lisilokuwa la wimbo. Hakuuliza habari za binti. Hakuuliza viatu vyake. Na jambo ambalo Mama Pasi hakulijua miaka yote, kwa kuwa yeye alikuwa wa kupiga pasi majoho na si wa kuyavaa, ni kwamba sauti ya nne ina mapumziko mengi. Wenzake wanaimba, yeye anahesabu. Katika wimbo wa tano besi hukaa kimya mistari sita. Mistari hiyo sita Mama Pasi aliikaa na mikono mapajani, akitazama mlango, naye akiihesabu. Na ilimlemea kuliko miaka miwili ya ujane, maana miaka ile hakuwa akisubiri mtu.

Jumatano msusi alikuja kugonga.

"Mama Pasi, mimi sina neno na marehemu, unajua tulivyokuwa tukitaniana. Lakini mwambie apunguze. Nina mteja kwenye kigoda, namchora mstari wa kwanza umenyooka, wa pili unakwenda kama barabara ya mlimani. Vichwa vyao vinatikisika."

"Simwambii kitu akasikia. Anaimba tu."

"Wanaume," alisema msusi. Alisimama kidogo, mkono kwenye mlango, akisikiliza. Mlango ulikuwa ukimtetemesha mpaka bega. "Ila ana sauti, jamani. Basi nitasuka asubuhi."

Jumapili Mama Pasi alimpigia binti yake. Hakumweleza mengi. Alimwambia, "Sikiliza," akaenda akaiweka simu sakafuni mbele ya sabufa, akaiacha wimbo mzima. Alipoichukua, binti alikuwa bado yuko hewani.

"Umemsikia?"

"Nimesikia kwaya, Mama. Na vikombe. Kuna vikombe vinagongana."

"Na chini ya vikombe?"

"Hakuna kitu, Mama." Kisha binti akasema, kwa sauti ambayo wauguzi huitumia kwa wagonjwa, "Unakula vizuri?"

"Ninakula," alisema Mama Pasi.

Siku iliyofuata alipita kwa fundi redio akamweleza. Fundi alisema simu haina hatia. Simu haibebi besi, haikuumbiwa hiyo, mtu mwenye sauti nzito akipiga simu kinachofika ni ganda lake tu. Lakini alitaka kuja kusikiliza mwenyewe. Alikuja jioni hiyo hiyo. Alivua viatu na soksi mlangoni, akakanyaga ndani, akasimama. Alisimama nyimbo tatu bila kusogea. Kisha akainama akachomoa waya wa sabufa ukutani. Besi iliendelea. Akautazama ule waya mkononi mwake, akaurudisha mahali pake kwa heshima.

"Hii haitoki kwenye diski," alisema.

"Inatoka wapi?"

"Huko sijasomea. Ninachojua ni diski." Alitoa kwenye mfuko wake spika za masikioni, zile kubwa za kufunika sikio zima, akazichomeka kwenye deki, akasikiliza kwa sikio lake moja, akirudisha nyuma, akisogeza mbele. Mama Pasi alimpikia chai ikapoa. Mwishowe fundi akazivua.

"Mama, studio kila kundi lina maiki yake, na kila maiki ina kitelezi chake pale mezani. Ukikipandisha inapanda, ukikishusha inashuka. Humu sauti ya nne imeshushwa. Haijashushwa mara moja kwa bahati mbaya, la. Wimbo kwa wimbo, zote nane, mpaka chini. Kuna mahali wanaanza kusikika kidogo halafu mkono unawakumbuka. Ni kama kinywa kilichong'olewa jino. Shimo lake naliona, jino silioni."

"Kwa hiyo kiredio hakikuwa na kosa."

"Kiredio kipi?"

"Kilikuwa cha jikoni," alisema Mama Pasi.

Fundi alikunywa chai yake baridi. Kabla hajaondoka alimwambia jambo moja la kumfariji, kwamba studio nyingi hutunza rekodi za awali, kila maiki peke yake kabla ya kuchanganywa, na kwamba aliyeshusha anaweza kupandisha kama akitaka. Mama Pasi alimuuliza mara mbili ili awe na uhakika. Anaweza? Anaweza.

Mwisho wa mwezi alibeba majoho yaliyopigwa pasi akayapeleka chumba cha mazoezi. Mwalimu wa kwaya alikuwa peke yake, akipanga viti. Alikuwa mzee mwembamba, kitana mfukoni, kola imekaza, na sauti yake iliyosifiwa zamani ilikuwa sasa imeingia mchanga. Alipokea majoho, akashukuru. Mama Pasi hakugeuka kuondoka.

"Mwalimu, nasikia mnaitoa tena ile diski."

"Ndiyo. Kwaya inatimiza miaka ishirini na mitano. Tunaitoa upya, na kasha jipya."

"Karibu kwangu Jumapili, baada ya ibada. Umsikilize mwenzako."

Mwalimu alimtazama. "Nilisikia umepata chombo."

"Nimepata."

"Nitakuja," alisema, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

Alikuja na koti lake la ibada, akiwa na mfuko wa karatasi mkononi. Mama Pasi alimkaribisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile kilichotazama mlango, akampa chai. Walizungumza kidogo habari za mahubiri na za paa la kanisa. Kisha akatia diski.

Besi iliingia. Chai kwenye kikombe cha mwalimu ilichora duara zake, naye akaiweka chini asije akamwaga. Hakuuliza sauti inatoka wapi. Aliijua kama mtu anavyoijua hatua ya mdai wake mlangoni. Alisikiliza wimbo wa kwanza na wa pili akiwa ameinamisha kichwa. Kikohozi kiliposikika kabla ya wimbo wa tatu alisema tu, polepole, "Hapo hapo. Kila mara." Na ulipofika ubeti wa kuongoza, ule ambao mwalimu aliimba peke yake na wenzake wakimwitikia kwa chini, sauti yake ya miaka ile ilitoka safi, changa, ikapanda, na besi ikaja chini yake, ikaibeba, ikaizunguka, mpaka ikawa mtu akitaka kumsikia mwalimu ni lazima kwanza apite kwa Fundi Bomba.

Mwalimu alisimama, akaenda kwenye deki, akapunguza sauti. Wanawake walipungua. Sauti ya tatu ilipungua. Yeye mwenyewe alipungua. Alizungusha mpaka mwisho, na kwaya yote ikaisha, ikabaki besi peke yake, kwa kipimo kile kile.

"Ulimshusha?" aliuliza Mama Pasi.

"Alikuwa ananifunika."

"Ungemwambia apunguze."

"Nilimwambia. Alipunguza." Mwalimu alikuwa bado amekishika kile kitufe. "Alipunguza mpaka akabaki na pumzi tu, akaniuliza, 'Hivi, mwalimu?' Bado alinifunika. Mimi nilikuwa na diski moja maishani mwangu, mama. Moja. Na kila nikiisikiliza pale studio, ninamsikia yeye."

Besi ilimaliza wimbo wa tatu, ikaanza wa nne. Hakuna aliyegusa chai.

"Miaka tisa alilaumu redio," alisema Mama Pasi.

"Najua. Aliniambia. Aliniomba hata radhi, kwamba redio yake haizitendei haki nyimbo zangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia anunue kubwa."

Mama Pasi alikunja mikono mapajani. Alikuwa amejiandaa kwa mengi na kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alingoja besi ipite mahali pa juu ndipo aseme, kwa kuwa hakutaka kusemea juu ya mtu anayeimba.

"Fundi anasema inawezekana kumrudisha. Rekodi za awali zipo. Unapandisha kama ulivyoshusha. Sitaki jambo lingine kwako, mwalimu. Sitaki usimame mbele ya watu useme. Katika hiyo diski mpya mrudishe tu, binti yake amsikie."

"Studio waliniuliza," alisema mwalimu.

"Wakakuuliza nini?"

"Kama tuziache zilivyo." Aliinama, akafungua mfuko wa karatasi, akatoa diski moja, mpya, bado imo kwenye nailoni, akaiweka mezani kando ya kikombe. "Zilitoka juzi. Maboksi kumi. Hii nimekuletea wewe."

Mama Pasi hakuigusa. Nyimbo zilipita. Mwalimu alirudi akaketi, labda kwa sababu si adabu kumwacha mtu katikati ya wimbo, labda kwa sababu miguu ilikataa. Wa tano ulipita na mistari yake sita ya kimya, wa sita, wa saba. Vyote viwili, deki na spika, vilikuwa havitoi hata mkwaruzo. Mle ndani kulikuwa na mtu mmoja tu anayeimba na wawili wanaosikiliza, na upande wa pili wa ukuta msusi alikuwa amezima redio yake.

Wimbo wa nane ni mrefu. Karibu na mwisho besi hunyamaza, wengine wakaimba peke yao ubeti mzima, kisha yeye hurudi kwa neno la mwisho. Besi ikanyamaza. Kwa kuwa hao wengine walikuwa wameshushwa, chumba kikawa kitupu. Tone la bomba jikoni lilisimama. Mwalimu alisimama pia, akafunga vifungo vya koti, akachukua mfuko wake mtupu, akaelekea mlangoni. Alifika mbele ya sabufa. Hapo akasita, uso ukielekea ukutani. Hakukuwa na sauti yoyote ya kumwongoza, wala ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Lakini midomo yake ilikuwa ikisogea, ikihesabu ubeti ule usiosikika, mstari kwa mstari. Mama Pasi naye alikuwa akihesabu. Walipofika mahali pake, mkono wa kulia wa mwalimu ulinyanyuka wenyewe mpaka usawa wa bega, kiganja juu, kama ulivyonyanyuliwa kwa sauti ya nne kila Jumapili kwa miaka mingi.

Besi ikaingia.

Ilikaa kwenye lile neno la mwisho mpaka pumzi ikaisha. Mwalimu alikunja vidole, kama inavyofanywa ili kukata wimbo, na wimbo ukakatika. Aliutazama mkono wake kidogo. Kisha akautia mfukoni, akafungua mlango kwa ule mwingine, akatoka.